Upande wa Hedley

Mwanangu Hedley alipouza hisa yake katika boti ya uvuvi ya mjomba wake ili anunue mbao, nilimwambia waziwazi kwamba nimezaa mwehu. Akacheka. Alikuwa na kicheko cha babake, cha kuanzia tumboni, na mtu anayecheka vile huwezi kugombana naye. Maneno yanakuishia mdomoni.

"Mama, usinune. Nikirudi nitakuletea nazi."

"Niletee kichwa chako kikiwa juu ya mabega yako. Nazi kaa nazo mwenyewe."

Hapa Newlyn, mji wa wavuvi, bahari tunaijua. Ilimmeza mume wangu wakati Hedley akiwa bado mdogo wa kufungwa viatu, na haikurudisha hata kofia. Kwa hiyo mtu wa hapa akisema anataka kuvuka Atlantiki, tunategemea achukue chombo cha chuma chenye injini na wanaume wa kutosha kupambana na tufani. Hedley alichukua mbao nyembamba. Akachonga mitumbwi miwili, mirefu, kila mmoja upana wa mabega ya mtu, akaiunganisha kwa boriti na kamba, katikati akaweka jukwaa la kukalia na mlingoti mmoja. Katamarani, alisema, kwa fahari kama ya mtu anayetaja jina la mtoto wake. Siku ya kuishusha majini wanaume wachache tu waliibeba kama wanahamisha meza. Mzee mmoja akauliza, "Hedley, hii ni mashua au ni kichanja cha kuanikia samaki?" Gati zima likacheka. Na mimi nilicheka, maana usipocheka utalia.

Niliamini mkewe ndiye aliyemtia ari. Rosalind, msichana wa London, mmoja wa wale wanaotujia kila kiangazi nasi tukawaita sisimizi, kwa kuwa hujaa kila mahali na mvua ya kwanza huwafukuza. Huyu mvua haikumfukuza. Alikuja kuchora picha za bandari, akaishia kumchukua mwanangu. Mdogo wa umbo, mikono kama vijiti, na hajui kupara samaki. Nilimvumilia, sikumpenda. Sioni sababu ya kuficha.

Jikoni kwangu ndiko walikopangia safari, na mimi nikipika nilisikia yote. Katika chombo kidogo namna ile adui ni uzito. Walikata mipini ya miswaki. Walibandua karatasi kwenye makopo ya chakula. Na mitumbwi miwili lazima ilingane, la sivyo mashua inalalia upande mmoja na kugoma kwenda. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na mtumbwi wake. Humo alilala, humo aliweka chakula chake na madumu yake ya maji, akala vya kwake na kunywa vya kwake, ili pande zote mbili zipungue sawasawa.

"Ndoa gani hiyo," nikauliza, "kila mtu na chumba chake na maji yake?"

"Ndoa ya kufika, Mama," akasema Hedley, akaniibia kitunguu kwenye ubao.

Walikuwa na sheria nyingine. Mtu akishashuka kwenye mtumbwi wake na kufunga mfuniko, amelala, asisumbuliwe. Watu wawili wasio na pa kukimbiana, alisema Hedley, wakikosa hata mlango wa kufunga watachinjana. Hapo alisema kweli.

Waliondoka mwishoni mwa kiangazi. Nilipata kadi yenye picha kutoka Ureno, nyingine kutoka visiwa vya Kanari, mwandiko wake umelala kama kawaida. Kisha kimya. Kimya kikakua mpaka nikawa nawasha redio asubuhi na kuizima kabla haijasema kitu. Halafu ikaja telegramu ya Barbados. Rosalind amefika. Hedley amefia baharini, kwa kiu.

Sitawaeleza nililiaje. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na asiyeujua namwombea asiujue.

Lakini nitawaambia mji ulisemaje. Mji ulisema jitu kama Hedley, mtu wa kubeba nanga kwa mkono mmoja, limekufa kwa kiu, na kale kasichana kamefika kakiwa hai. Jirani yangu Elvira alikuja na maandazi ya zafarani, akaketi, akapangusa makombo yote ndipo akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, Thirza." Sikumkatalia. Nilikuwa nimeshalisema mwenyewe moyoni. Nikawa sitaki kitu kingine duniani ila kimoja: kusikia kutoka kinywani mwake jinsi walivyokuwa na maji sawa na yeye akabaki. Kama aliyanywa maji ya mwanangu, nitamfungia mlango mpaka nife, na Mungu akitaka kumsamehe ni shauri lake.

Alirudi na meli ya ndizi, kisha treni, akanijia alasiri moja ya Januari. Nilimwona dirishani anapanda kilima. Amekonda, ngozi ya pua imemtoka, koti si lake.

"Ingia. Funga mlango, upepo unaingia."

"Mama..."

"Usiniite Mama kwanza. Kaa pale."

Akakaa. Mimi sikukaa. Nilikuwa nimelirudia swali langu siku zote zile hata nilipokuwa naosha vyombo, na sasa lilitoka lenyewe.

"Uliyanywa maji ya mwanangu?"

Hakuinamisha uso. "Niliyanywa."

Nilishika ukingo wa meza. Nilitaka kumtoa nje wakati uleule, lakini kabla sijafika mlangoni yeye akaanza kusema.

Mlingoti ulivunjika, alisema, wakiwa wameshapita nusu ya njia. Wakafunga kipande kilichobaki, wakatundika tanga la upana wa shuka. Kisha upepo nao ukafa. Bahari ikalala, mvua ikakataa kunyesha, na siku zikawa zinapita wao wako palepale. Wakahesabu maji, wakakubaliana kipimo, kikombe asubuhi na kikombe jioni, kila mtu kutoka upande wake.

"Mmoja akiwa juu anaongoza, mwingine anashuka mtumbwini mwake," alisema Rosalind. "Anapima kikombe chake, anakunywa, anagonga ubao mara mbili. Maana yake nimekunywa, sasa nalala. Nikisikia kagonga, moyo unatulia. Na yeye alikuwa anasema kabisa, 'Maji matamu leo, ndege wangu.'"

Ndege wangu. Huku kwetu ndivyo mtu anavyomwita ampendaye. Babake aliniita hivyo.

"Endelea," nikasema.

"Mashua ikaanza kulalia upande wake. Kidogo tu. Nikamwambia, Hedley, mbona mtumbwi wako umezama kuliko wangu? Akaniambia kombe za baharini zimeota chini ya upande wake, zinavuta. Nikaamini. Kombe huota kweli, tulishazikwangua hapo kabla. Hakuwa na nguvu ya kuingia majini kuzikwangua tena, wala mimi. Basi nikaburuta nanga nikaileta upande wangu. Mashua ikakaa sawa kabisa. Nilijisifu. Nilijiona na mimi sasa ni baharia. Nikamwita atazame, akatazama, akasema, 'Safi kabisa, nahodha.'"

Mikono yake ilikuwa juu ya meza yangu, na kiganjani alama za kamba.

"Asubuhi moja hakufungua mfuniko. Ni sheria, huendi kumwamsha mtu. Nikasema acha apumzike, jana aliongoza zamu yake na nusu ya yangu. Jua likapanda. Nikagonga. Nikagonga tena. Nilipofungua alikuwa ameshakuwa baridi, joto lote lile na yeye baridi."

Upepo ulikuwa unatikisa dirisha.

"Nilimzika mwenyewe, Mama. Nilisema sala nilizozikumbuka, na nilipokwama nikasema majina ya watu wote waliompenda. Wewe nilikutaja kwanza. Kisha nikakumbuka mtumbwi wake sasa mtupu, utaelea juu, mashua itanilalia mimi. Nikarudisha nanga upande wake. Mashua ikalalia upande wake. Ikalala vibaya, karibu maji yaingie jukwaani. Nikadhani unavuja. Nikaingia na kopo la kukomba maji. Pakavu. Nikainua godoro."

"Ukaona nini?"

"Madumu. Yamejaa mpaka shingoni. Vifuniko nilivipaka nta mwenyewe Kanari, na nta ilikuwa haijaguswa. Moja tu ndilo alilokuwa amelifungua, akilinywa kwa kulamba, sijui kwa muda gani. Ya kwangu yalikuwa yamebaki ya kulowesha ulimi. Alikuwa anahesabu. Alijua hayatatufikisha wawili." Ndipo sauti ikamvunjika. "Niliyanywa yake mpaka nchi kavu. Unaniuliza kama niliyanywa. Niliyanywa yote."

Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulifunguka hapohapo. Haukufunguka. Hasira haitoki kwa mtu kama mgeni anayeaga, na mimi yangu nilikuwa nimeilisha vizuri.

"Mwanangu hakujua kudanganya," nikasema. "Tangu utotoni. Akiiba sukari anakuja kukwambia ameiba sukari. Ungejua. Mke gani asikie mumewe hanywi, siku nenda siku rudi, asijue?"

"Alikuwa anaguna, Mama. Anameza. Nilikuwa nasikia koo lake."

"Koo kavu halisikiki."

"La kwake lilisikika."

Nje giza lilikuwa linaanza kuingia, na yeye alikuwa anatetemeka ndani ya lile koti la watu. Nyumbani kwangu mtu hatoki na njaa, hata kama simpendi. Hiyo nimefundishwa na mamangu na siivunji kwa sababu ya msichana wa London. Asubuhi nilikuwa nimeoka pasti moja, mkate uliofungiwa nyama na viazi ndani, ya kunitosha mimi peke yangu, kwani ninampikia nani mwingine? Nikaitoa kwenye tanuri, nikaiweka mbele yake.

"Kula."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshakula. Kula wewe."

Nikageuka kwenye jiko, nikamgeuzia mgongo, nikachukua sufuria na kijiko. Mikono ilifanya yenyewe. Nikakwangua sufuria, nikapeleka kijiko mdomoni, nikatafuna, nikameza.

"Tamu leo," nikasema, bila kuwaza.

Nyuma yangu hakukuwa na sauti ya kula.

"Mama," akasema Rosalind. "Geuka."

"Kula, inapoa."

"Ndivyo alivyokuwa anasema. Hivyohivyo. Sauti hiyohiyo." Kiti kilisukumwa. "Mama, nakuomba. Nionyeshe kijiko."

Sikutaka kugeuka. Niligeuka. Kijiko kilikuwa kikavu, na sufuria niliyokuwa naikwangua niliiosha tangu asubuhi, ilikuwa inang'aa. Tulivitazama vyote viwili, yeye na mimi, kama vitu vilivyookotwa ufukweni.

Ndipo nikakaa. Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, kwa kuwa sikudhani kuna mtu anayelijua. Baada ya bahari kumchukua mume wangu yalikuja majira mawili ya baridi ambayo katika nyumba hii hapakuwa na chakula cha watu wawili. Nilikuwa namwekea Hedley sahani mezani, mimi nasimama palepale jikoni, mgongo kwake, nakwangua sufuria tupu kwa kelele, natafuna, nameza, na kusema tamu leo. Nilijifunza kumeza kwa sauti. Si rahisi kama hakuna kitu kinywani, lakini ukizoea unaweza. Yeye alikuwa anakula vizuri, miguu yake inaning'inia kwenye kiti, na mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwamba mtoto haoni.

"Alikuwa anaona," nikamwambia Rosalind. "Miaka yote hiyo alikuwa anautazama mgongo wangu."

Akaja akapiga magoti sakafuni, akaweka kichwa chake mapajani pangu, nami nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya telegramu. Siku ile nililia kwa kuwa bahari imemchukua. Sasa nilijua ni mimi niliyempa kile kikombe kitupu. Nilikuwa nampenda, ndiyo maana nilifanya, na yeye alimpenda huyu, ndiyo maana akafanya, na mimi nilimtaka mwanangu, nilimtaka awe mchoyo, awe mwongo mbaya anayekamatwa siku ya kwanza, awe hai.

Baadaye nilimwinua. Nikaikata ile pasti katikati kwa kisu.

"Sitakula usipokula," akasema. "Na ninatazama, Mama."

"Tazama basi, mwanangu."

Nikaweka kipande mdomoni mbele ya macho yake, nikatafuna, na hakikushuka mara moja. Alisubiri mpaka nilipomeza, ndipo na yeye akaanza kula.