Kibali cha Sanduku Wazi

Barua ilikuja Septemba, miezi sita tangu Alwine azikwe, nayo ilikuwa na mihuri mitatu. Reinhold Pagel aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, na mara zote mbili aliambulia vitu viwili tu: jina lake na neno "pingamizi". Shuleni alikaa miaka michache, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alisinzia, kwa sababu kila alfajiri alikuwa akigawa magazeti. Wanaoandika barua za serikali wanajua kwamba watu kama Pagel wako wengi. Ndiyo maana huandika vile.

Akaipeleka kwa wakala wake wa hataza, Bwana Sievert, mtu mwembamba mwenye miwani ya kubana pua.

"Kaa, Fundi Pagel," akasema Sievert. "Kampuni ya Tessmar inapinga wewe kupewa hataza ya mashine yako ya picha."

"Wanasema sikuitengeneza mimi?"

"Hapana. Wanakubali ni wewe. Wanasema uliionyesha hadharani kabla hujaleta maombi. Tarehe kumi na nne Januari, uani kwenu."

"Nilimwonyesha mke wangu, Alwine."

"Na ua mzima."

Hataza ndiyo karatasi inayosema kitu hiki ni cha fulani, mwingine asikiguse. Pagel aliisubiri karatasi hiyo kama mgonjwa anavyosubiri kupambazuke. Hakuwa na kitu kingine cha kusubiri.

"Sheria iko hivi," Sievert akaendelea, polepole, kama anayesema na kiziwi. "Kilichokwisha kuonwa si kipya. Kisicho kipya hakina mwenyewe. Yeyote anaweza kukitengeneza."

"Hata Tessmar."

"Hasa Tessmar."

Picha zinazotembea hazitembei. Ni picha zilizosimama, zimepangwa juu ya utepe mrefu, na kila moja lazima isimame kabisa mbele ya taa, kisha iondoke upesi kabla jicho halijajua. Kumi na sita kwa sekunde moja. Ukiuvuta utepe taratibu, kwenye shuka ya kuonyeshea unaona ukungu mtupu. Ukiuvuta kwa nguvu, unachanika. Pagel alichana tepe miaka mitatu. Paris, London na kwingineko walikuwapo wengine wakichana za kwao, lakini habari zao hazikufika kwake, ua wa tatu kutoka barabarani, mtaa wa Wedding, jijini Berlin, ambako hata jua halikufika.

"Umechana mwingine?" Alwine alikuwa akiuliza kila jioni.

"Sikuuchana. Umechanika wenyewe."

"Haya. Kama suruali zako."

Alwine alikuwa akipiga mazulia ya wapangaji wa nyumba ya mbele, maana watu wa nyumba ya mbele hawapigi mazulia yao wenyewe. Kila Jumamosi asubuhi, siku iliyoruhusiwa na kanuni za nyumba, alikuwa akiyatundika kwenye mti wa chuma katikati ya ua na kuyachapa mpaka vumbi lifike dirisha la tatu. Jumamosi moja alisimama mlangoni, fimbo ya kupigia ingali mkononi, akamtazama mumewe akihangaika na magurudumu yake.

"Unauvutia nini?" akasema. "Zulia nikilivuta, linaning'inia tu. Nikilipiga, linaruka mara moja halafu linatulia lenyewe. Upige."

Pagel alimcheka kutwa nzima. Jumapili akawa hacheki tena. Jumatatu akakata kidole cha shaba, akakifunga kwenye ukingo wa gurudumu dogo. Gurudumu likizunguka, kidole kinaupiga utepe pigo moja. Utepe unashuka picha moja, unatulia, mpaka pigo linalofuata. Akakiita kipigio. Utepe wa kwanza ulipita wote bila kuchanika, na Alwine akasema, "Sasa nilipe mshahara," akaanza kukohoa.

Kifua kile hakikupona. Daktari wa maskini alikuja mara moja, akaandika kwenye karatasi "hewa safi", akaenda zake. Hewa safi, nyuma ya kiwanda cha ngozi! Wangemwandikia pia aende baharini kwa farasi.

Januari ilipofika, Alwine hakuwa anatoka tena kitandani. Pagel alikuwa hajamaliza michoro ya kupeleka ofisini, kwa kuwa wanataka michoro safi, mistari ya wino, na mkono wake ulikuwa wa tupa, si wa kalamu. Lakini mashine ilikuwa inafanya kazi, na mwenye wazo lake alikuwa anaisha. Chumba chao kilikuwa hatua nne kwa tano. Picha isingeweza kukua humo. Uani ingeweza. Shuka ingetundikwa kwenye mti wa mazulia, kitanda kingesogezwa dirishani, na saa kumi na moja jioni, wakati wa baridi, giza huwa limekwisha kuingia.

"Fanya tu," Alwine akamwambia. "Tundika shuka, washa taa. Nani atakuuliza?"

"Bi Zickuhr atauliza." Bi Zickuhr ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba, macho na masikio ya mwenye nyumba.

"Bi Zickuhr mpe kiti cha mbele, atasahau maswali."

"Watu wakikusanyika bila kibali, polisi watakuja."

"Reinhold, wewe ukifa utaomba kibali cha kulala kaburini."

Pagel alicheka, lakini alikwenda kuomba. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo walivyolelewa wote: kabla hujapumua, uliza. Kwenye kituo cha mtaa sajini aliuliza taa ni ya aina gani, akaambiwa ya chokaa inayopashwa kwa gesi mpaka ing'ae. Akauliza utepe ni wa nini, akaambiwa wa seluloidi, unaoshika moto kama baruti. Sajini akaandika kwa muda mrefu. Kibali kilitoka na muhuri wa tai, na chini yake sharti: sanduku la mashine liwe wazi wakati wote ili mwali uonekane, na mtu wa zimamoto aketi kando yake.

Mtu wa zimamoto alikuwa Butzke, mnene, mpole, masharubu yamepinda juu. Aliketi na ndoo ya maji kati ya miguu yake, uso karibu uguse mashine.

"Baba Butzke!" Alwine akamwita kutoka dirishani, kajifunga mablanketi mawili. "Usije ukatumwagia maji kabla moto haujawaka!"

"Mama, mimi maji yangu nayatoa kwa amri tu!"

Ua ukacheka. Pagel akazungusha mkono wa mashine, na kwenye shuka akatokea Lubisch, muuza makaa wao wenyewe, na gunia begani, akiteleza kwenye barafu na kuketi kitako, gunia likimpasukia kichwani. Lubisch wa kweli, aliyesimama pale pale, akapiga kelele, "Si mimi yule! Mimi sina tumbo hilo!" Wakataka tena. Akairudia mara sita. Alwine alicheka mpaka akashindwa kupata pumzi, na Pagel hakujua aendelee kuzungusha au amkimbilie. Aliendelea kuzungusha.

Machi akamzika.

"Sasa jibu hili," Sievert alisema siku ile ya barua, akiinua kidole. "Usijibu haraka. Sanduku lilikuwa wazi, au lilikuwa limefungwa?"

Pagel akafungua mdomo.

"Nimekwambia usijibu haraka. Kama lilifungwa, watu waliona picha, hawakuona mashine, na sheria iko upande wako. Kama lilikuwa wazi, na akawapo mtu wa kazi ya chuma anayeweza kuelewa, umekwisha. Majirani watasemaje?"

"Watasema nitakachowaambia."

Jioni ile Pagel alitoa kile kibali chini ya godoro, akakitia jikoni kwenye moto, akakitazama mpaka tai akajikunja. Kisha akapita mlango kwa mlango. Hakuwa mwongo, lakini alikuwa amechoka kuwa mkweli kwa watu ambao ukweli wake uliwafaa wao tu. Lubisch akasema, "Sanduku? Lilifungwa kama mdomo wa mwenye nyumba siku ya kuziba paa." Wengine wakakubali. Mtu ambaye Pagel alimwogopa ni Bi Zickuhr. Akamkuta anamenya viazi.

"Bi Zickuhr, nimekuja kuhusu lile sanduku..."

"Mimi nilikuwa naangalia picha," akasema bila kuinua macho. "Sanduku gani?"

Pagel alirudi chumbani mwake, akala mkate na samaki wa chumvi, mara ya kwanza kwa miezi mingi akala akashiba. Akaanza hata kuwaza maneno yatakayoandikwa kwenye hataza, kama inawezekana kutia jina la Alwine.

Alisahau jambo moja, na ni jambo ambalo mtu aliyekulia Berlin hakupaswa kulisahau. Serikali huandika kila kitu mara mbili.

Siku ya kusikilizwa, kwenye ofisi ya hataza, walikaa wazee watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti akauliza, Pagel akajibu kwamba sanduku lilikuwa limefungwa. Maelezo ya majirani yakasomwa, yote yakifanana. Sievert akakunja mikono ameridhika. Ndipo wakili wa Tessmar, kijana aliyevaa glavu za kijivu, akaweka karatasi moja mezani, kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake chumvi.

"Nakala ya kibali, waheshimiwa. Imetoka kwenye jalada la kituo cha polisi. Naomba sharti lisomwe."

Likasomwa. Sievert akaikunjua mikono yake.

"Na shahidi mmoja," akasema kijana wa glavu.

Akaingia Butzke, vifungo vimesuguliwa vikang'aa. Alipomwona Pagel uso ukamchangamka, akainamisha kichwa kumsalimu. Alidhani ameitwa kumsaidia.

"Kabla ya zimamoto ulifanya kazi gani?" mwenyekiti akauliza.

"Fundi kufuli, mheshimiwa. Miaka kumi na miwili."

"Jioni ile uliiona mashine ndani?"

"Niliiona yote, mheshimiwa! Niliambiwa niangalie, nikaangalia."

"Uliielewa?"

"Ndiyo uzuri wake!" Butzke akamgeukia Pagel, akamkonyezea jicho. "Wengine wangetia magurudumu ishirini. Fundi huyu katia kidole kimoja tu, pa, pa, pa, basi. Kazi safi sijapata kuona. Mtu yeyote wa chuma akiiona mara moja anaijua. Hata mimi, na mikono hii, ningeitengeneza kwa wiki mbili."

Kalamu ya karani ikakwaruza. Haikukwaruza kwa muda mrefu.

Butzke alipokwisha kuruhusiwa kutoka, mwenyekiti akasema maombi yamekataliwa. Akasema pia kwamba kutoa maelezo ya uongo mbele ya ofisi ni kosa, ila kwa kuwa mwombaji ni mfiwa, ofisi italifumbia macho. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Pagel akasimama. Sievert alimvuta koti, hakuketi.

"Ninyi ndio mlioniambia niliache wazi," akasema.

"Si sisi. Ile ni polisi."

"Tai ni yule yule."

"Idara ni tofauti," akasema mwenyekiti, na kufunga jalada.

"Ningelifunga mngenifunga mimi. Nimelifungua, mmeninyang'anya. Niambie basi, mheshimiwa, nilitakiwa nifanye nini?"

"Ulitakiwa uje kwetu kwanza," mwenyekiti akajibu, na kwa jinsi alivyojibu ilikuwa wazi kwamba kwake hilo lilikuwa jibu kamili. Angesubiri. Mke naye angesubiri, na kifua chake kingesubiri, mpaka mistari iwe safi.

Kwenye ngazi Butzke alimfikia akihema, kofia mkononi.

"Fundi! Nimekusifu vizuri, eh? Niliogopa nitababaika mbele ya wakubwa wale."

Pagel alimtazama. Alitafuta ndani yake kitu cha kumtupia mtu huyu, hakukiona.

"Umenisifu vizuri, Baba Butzke."

"Na mama hajambo? Yule wa mablanketi?"

"Alifariki."

"Maskini! Alivyocheka siku ile..." Butzke akavaa kofia yake akateremka taratibu.

Aprili mwaka uliofuata, kwenye karakana alikoajiriwa, msimamizi wake, Noack, alileta mchoro wenye jina la Tessmar na kuuweka kwenye meza ya Pagel. Vipigio mia mbili vya shaba. Pagel aliutazama sana. Mchoraji alikuwa amekiwekea kidole ncha kali, kama msumari.

"Hiki kitachana tepe," akasema. "Ncha iwe ya mviringo."

"Nani kakwambia?"

Mafundi kumi na mmoja walikuwa humo, na wote walijua kipigio kilibuniwa na nani. Kila mmoja aliinamia jiriwa yake akasugua kwa bidii kuliko kawaida. Pagel aliwaelewa, yeye pia angeinama.

"Hakuna," akasema.

"Basi fuata mchoro. Waliochora wana shule zao."

Akabana shaba kwenye jiriwa, akachukua tupa, akaichonga ncha ikawa kali kama ilivyoagizwa. Kufikia adhuhuri alikuwa na vipigio tisa. Noack alipita, akaokota kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakilinganisha na mchoro huku na huku.

"Umeona?" akasema. "Ukifuata unachoambiwa, unaweza."

Akakirudisha mezani. Pagel akachukua kipande cha kumi.