Fyuzi Katika Pindo la Khanga

Mwaka 1972, nilipopewa kazi ya kufunga mashine ya kukaushia samaki ya ushirika wetu, kaskazini kidogo ya Mbegani, sikuwa na cheti. Sikuwa na buti wala glavu. Sikuwa na fundi mwenzangu wa kuniambia hapa umekosea. Kiingereza nilikuwa nacho cha darasa la jioni tu, nilichokianza nikiwa na miaka thelathini na minne, na kitabu cha mashine kilikuwa Kiingereza kitupu. Na sikuwa na kufuli.

Hilo la kufuli ndilo lililonisumbua. Kitabu, nilichokisoma wiki tatu kamusi ikiwa pembeni, kilisema: kabla hujatia mkono ndani, zima umeme, funga swichi kwa kufuli, ufunguo ukae nawe. Kufuli lililokuja na mashine mtunza stoo alikwisha kulifungia stoo yake.

Mashine yenyewe ilikuwa na akili. Hewa ya moto iliyotoka kwenye samaki, yenye unyevu na harufu, haikuachwa ipotee bure. Ilipitishwa katika sanduku la mabati membamba yaliyosimama karibu karibu, na hewa safi ya nje ikapita upande wa pili wa mabati hayo hayo. Hewa hizo hazikuchanganyika, lakini joto lilihama kutoka hii kwenda ile, kama joto la chai linavyofika viganjani bila chai kumwagika. Kuni zikapungua karibu nusu. Ila kila Jumatatu, jiko likiwa limepoa, mabati yalitaka kusuguliwa, maana mafuta ya samaki yakigandamana hapo huweza kushika moto. Na ili kuyafikia ilinibidi nilale kifudifudi ndani ya njia ya hewa, mkono wa kulia ukipita katikati ya mapanga ya feni.

Kwa hiyo, badala ya kufuli, nilichomoa fyuzi, maana bila hiyo umeme haufiki kwenye feni. Lakini niiweke wapi? Shati nililitundika msumarini lisichafuke, na kaptula yangu haikuwa na mfuko. Nikampelekea Bimdogo, mjane wa makamo aliyewasimamia wanawake wa kupasua na kuosha samaki.

Aliigeuzageuza ile kauri nyeupe. "Kijino cha nani hiki?"

"Roho yangu hiyo, mama. Usimpe mtu ila mimi, uso kwa uso. Hata akisema nimemtuma."

"Hata mkwe wangu?"

"Hata mkweo."

"Huyo ndiye simpi kabisa."

Akaifunga katika pindo la khanga, fundo mara mbili. Ikawa desturi yetu ya Jumatatu.

Jumatatu moja ya masika, meneja wetu, Bwana Mbaruku, kijana wa mjini na mchapakazi, alipata habari kwamba mkubwa kutoka Dar es Salaam yu njiani. Akataka mashine iwe inanguruma mkubwa akishuka garini. Akachungulia mlangoni. Kwetu mtu akiingia ndani huacha viatu mlangoni, na viatu ndivyo husema nani yumo. Siku hiyo sakafu ilikuwa imejaa maji ya samaki, nami niliingia na makubadhi yangu miguuni. Mbaruku hakuyaona, akaamini nimekwenda kusali adhuhuri. Jenereta ilikuwa ikivuma nyuma ya ukuta. Hata angeniita, nisingesikia.

Yaliyofuata, Mbaruku alipomwendea Bimdogo, nilisimuliwa na wanawake wote, kila mmoja kwa madoido yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba fyuzi ya mashine."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Msikitini. Viatu havipo."

"Basi akitoka msikitini atakuja kuichukua."

"Mama, gari liko pale konani! Mimi ndiye meneja hapa."

"Nani kaukataa umeneja wako? Fyuzi ndiyo siitoi."

"Fungua hilo pindo!"

"Pindo la mwanamke hulifungua mwenyewe, au muosha maiti. Wewe ni yupi?"

Wanawake walicheka mpaka visu vikawaponyoka. Gari likasimama. Mgeni akakuta mashine kimya, na meneja amesimama mbele ya mama aliyeshikilia pindo lake kwa mikono miwili. Ndipo mimi nikatoka kinyumenyume, mweusi kwa masizi. "Mama, nimemaliza. Nipe."

Mbaruku aliutazama mkono wangu, akayatazama mapanga ya feni. Hakukusudia, hilo nalijua.

Lakini aibu mbele ya mgeni ni mzigo mzito. Kesho yake aliniita ofisini. Akaniambia Bimdogo ataachishwa kazi kwa kumkaidi mkubwa wake, naye alikuwa na wajukuu watatu wa kulisha. Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: kwamba saa ile mimi nilikuwa msikitini, kwa hiyo Bimdogo alikaidi bila sababu. Nilitakiwa kutia saini.

"Ni jambo dogo, fundi Msabaha. Na cheti cha ufundi nitakuombea mwenyewe."

"Uongo wa kusingizia msikiti siuwezi, bwana."

"Basi na wewe katafute kazi pengine."

Nikaenda nyumbani nikaiandikia kamati ya ushirika. Nilichana karatasi nne. Ya tano nilimsomea Bimdogo barazani kwake, naye akipepeta mchele.

"Hilo la muosha maiti liondoe. Wazee wa kamati hawatalala."

Nikaliondoa.

"Umesema kijana hakukusudia?"

"Nimesema."

"Na hayo masifa yangu?"

"Hayo siyagusi, mama." Nikamsomea tena: *Mkono unaoandika barua hii upo kwa sababu mwanamke huyu alikataa. Nifukuzwe kazi mimi, lakini yeye ashukuriwe.*

Aliuweka ungo chini.

Bahasha, kama zote za masika, ilikuwa imejibandika yenyewe kwa unyevu. Bimdogo akaingia ndani, akaniletea punje za wali kiganjani. Nikaifungua taratibu kwa kisu, nikaitia barua, nikasaga wali kwa kidole, nikaibandika. Kisha nikaiweka ndani ya shati, nikatembea kwenye mvua hadi posta ya Bagamoyo, nikaitumbukiza sandukuni.