Ufagio wa Chumba cha Pili

Wagonjwa wake walimwita Fundi Masikio, na jina hilo halikumkera. Kazi yake ilikuwa kuwapima watu usikivu na kuwarekebishia vifaa vya kusikia, katika kliniki ndogo ya ghorofani, juu ya duka la rangi. Alikuwa na chumba kimoja cha kupimia, kuta zake zote zimezibwa kwa sponji, na kingine cha kazi chenye taa ya kujikunja, brashi ndogo za kutolea nta, na droo iliyojaa betri ndogo ndogo kama vifungo vya shati la mtoto.

Kazi yenyewe aliipenda. Kilichomuumiza kichwa ni kwamba watu walivaa vifaa siku chache tu, kisha wakavitupa kabatini. "Kelele tupu," walimwambia. Kila mmoja alidhani anahangaika peke yake. Ndipo alipopata wazo la kufungua jukwaa la majadiliano mtandaoni, mahali ambapo watu wasiosikia vizuri wangeandikiana na kupeana moyo. Mdogo wake wa kiume, ambaye alikuwa akitengeneza tovuti, akamjengea.

Jukwaa likafunguliwa, likapendeza, likabaki tupu. Alibandika tangazo mlangoni. Aliwasajili wagonjwa yeye mwenyewe, wakiwa bado kwenye kiti, simu zao mkononi mwake. Walikubali kwa adabu, wakaenda zao, wasiandike neno. Aliuliza kama betri zao zinadumu. Kimya. Akaweka picha za kuonyesha namna ya kusafisha kifaa. Mtu mmoja akajibu kwa alama ya kidole gumba, basi.

"Dada, hapo umefungua ofisi, hujafungua kijiwe," mdogo wake alimwambia huku akicheka. "Nani ataingia ukumbi mtupu aanze kuongea na kuta? Buni watu wawili watatu waongee. Wengine wakisikia vicheko watasogea."

"Niwadanganye wagonjwa wangu?"

"Usiwadanganye. Wachangamshe tu."

Alikataa, akafikiri, akakubali nusu: angebuni mtu mmoja. Akamwita Mzee Kimya, mstaafu aliyefiwa na mke, anayeishi peke yake, ndiyo kwanza amevaa kifaa. Kwa jina hilo aliandika kuhusu ndege wa asubuhi na bomba linalodondosha maji. Hakuna aliyejibu. Basi Jumapili moja mchana, akisubiri nguo zikauke, akaamua kutia chumvi kidogo. Akaandika: "Jamani, naomba kuuliza. Tangu nivae kifaa hiki, nasikia mtu akifagia chumba cha pili. Naishi peke yangu. Je, kuna mwingine?"

Akaongeza sentensi moja: "Akifika ukutani hupumzika kidogo, kama mtu mwenye mgongo mbovu." Aliisoma, mwili ukamsisimka, akaona amepitiliza. Akaifuta kabla ya kutuma, akaenda kuanua nguo.

Aliporudi, watu walikuwa wamejaa. Dereva wa treni mstaafu, ambaye jukwaani alijiita Dereva, alikuwa ameandika: "Mzee, huyo ni panya aliyelelewa vizuri." Mwingine akasema: "Akimaliza kwako mwambie aje kwangu, vumbi limenishinda." Fundi alicheka hadi akajishika mbavu. Siku zilizofuata wakaleta jamaa zao. Kutoka kwenye ufagio wakahamia kwenye wake zao wanaofoka, wajukuu wanaonong'ona, betri zinazokufa katikati ya harusi. Waliokuwa wametupa vifaa kabatini walivitoa, ili na wao wawe na la kusimulia. Jukwaa likawa jukwaa.

"Nilikwambia," mdogo wake alijigamba.

Kisha akaandika Mwalimu. Huyu alikuwa mama mtu mzima, mjane, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, wala si mtu wa mzaha. "Nimekuwa nikisoma utani wenu na kucheka," aliandika. "Leo asubuhi nimemsikia."

Wakamtania. Siku ya pili akatokea mwingine aliyemsikia, na baadaye wengine. Mwishowe akaandika Dereva, safari hii bila utani wowote: "Kwangu yuko ukumbini. Anafagia polepole. Akifika ukutani hupumzika, kama mtu mwenye mgongo mbovu."

Fundi alikuwa kazini aliposoma maneno hayo. Akaiweka brashi chini, akayasoma tena, neno kwa neno. Akampigia mdogo wake kumuuliza kama kuna mtu anayeweza kuona kilichoandikwa kikafutwa bila kutumwa.

"Haiwezekani, dada. Kisichotumwa hakipo."

Akawaita wote walioandika kwamba wanamsikia. Alisafisha vifaa vyao kimoja baada ya kingine, akabadilisha betri, akavisikiliza kwa mpira wa kusikilizia, unaofanana na ule wa daktari. Aliambulia mvumo mwembamba tu wa kifaa kizima.

"Labda ni feni, baba. Au upepo," alimwambia Dereva.

Dereva akatikisa kichwa. "Upepo hauna mikono, mwanangu. Huyu ana mikono."

Jioni ile alikata shauri kusema ukweli. Aliandika kwa jina lake kwamba Mzee Kimya hakuwahi kuwapo, kwamba alimbuni ili kuwachangamsha, na kwamba anawaomba radhi. Akangoja wamtukane na kuondoka. Hakuna aliyeondoka. Mwalimu ndiye aliyejibu: "Tumekusamehe, mwanangu. Lakini sasa hivi ninapoandika, anafagia."

Siku iliyofuata Mwalimu akapanda ngazi za kliniki, leso mkononi, akitweta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nipime, uniambie kama akili imeniruka."

Ilikuwa adhuhuri, jua kali dirishani, wafanyakazi wa duka la rangi wakipakua makopo chini. Waliingia kwenye chumba cha sponji, Fundi akafunga mlango, na makelele yote yakakatika. Akakitoa kifaa sikioni mwa Mwalimu, akakiunganisha na mpira, akauvaa mpira masikioni mwake.

Alisikia pumzi yake mwenyewe. Alisikia gauni la Mwalimu likisugua kiti. Kisha, nyuma ya mgongo wake, upande wa ukuta usiokuwa na mlango, akasikia shwaa. Kimya. Shwaa.

Aliuvua mpira upesi. Chumba kilikuwa kimya kama pamba. Akapiga moyo konde, akauvaa tena. Ufagio ulikuwa umesogea. Ulipita karibu kabisa na kisigino chake, taratibu, bila haraka ya mtu mwenye nia mbaya, ukaenda mpaka ukutani, ukatua. Akasikia mtu akishusha pumzi.

Mwalimu, ambaye bila kifaa hakusikia kitu, alikuwa akimtazama usoni tu. "Amepumzika?" aliuliza.

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Usiogope. Hajawahi kunidhuru. Hajawahi hata kusema neno."

Mara tu Mwalimu alipotoka, Fundi akampigia mdogo wake. "Futa ile mada yote. Na Mzee Kimya mfute."

"Dada! Hiyo ndiyo inayoleta watu!"

"Futa, nakuomba."

Ikafutwa. Kesho yake wanachama wakaanza kuandika. Kwangu ametulia. Kwangu hayupo. Kwangu pia ameondoka. Fundi alishusha pumzi, akalala usingizi mzuri. Lakini baada ya hapo hawakuandika tena. Aliwauliza kuhusu betri, akawauliza kuhusu wajukuu, akawaomba wasimulie lolote. Alama ya kidole gumba ikarudi, kisha nayo ikapotea. Binti wa Dereva akapita kliniki kusema kwamba baba amekirudisha kifaa kabatini na hataki kusumbuliwa.

Mwalimu alikuja mwenyewe. Akaweka leso mezani, akaifungua. Ndani kulikuwa na kifaa chake.

"Chukua, mpe mwenye kukihitaji."

"Kimeharibika, Mwalimu?"

"Kizima. Zamani nilikuwa naamka, nachemsha chai, na yeye anafagia. Nikamzoea. Nikawa nanyanyua miguu apite." Alicheka kidogo, kisha cheko likakatika. "Sasa nikikivaa nasikia friji."

"Lakini yule hakuwa mtu, mama."

"Sijui alikuwa nani. Najua alikuwapo. Na wewe unajua, ulimsikia humu humu ndani, kisha ukamfukuza bila kutuuliza sisi tuliokuwa tukiishi naye."

Fundi akamsikiliza Mwalimu akishuka ngazi moja moja, mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Akaisogeza leso pembeni. Kisha akafungua jukwaa kwenye kompyuta ya kazini, akaandika kwa jina lake, bila kubuni wala kutia chumvi: "Mimi ni Fundi. Nilimsikia. Alipita nyuma yangu akaenda kupumzika ukutani. Niliogopa, nikawaamulia. Kama yuko kwa yeyote kati yenu, naomba aniambie."

Alidhani atangoja siku nzima. Majibu yakaanza kumiminika kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi. Wengine walisema wanakwenda kutafuta vifaa vyao kabatini. Mmoja alitaka kujua ni ukuta upi. Dereva akaandika wa mwisho:

"Nimekivaa sasa hivi. Amerudi. Ila safari hii wako wawili, na mmoja bado anajifunza kushika ufagio."

Fundi aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama. Akageuka kutazama ukuta, hakuona kitu. Akavuta droo, akatia betri mpya kwenye kifaa cha Mwalimu, akakifunga katika leso yake, akashuka ngazi mbio kumpelekea.