Koo la Nanzala

Jumamosi mchana Nanzala alipanga viti vya plastiki katika ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Eldoret, akapangusa vumbi kwenye projekta, kisha akamsaidia mwenzake Brenda kuchemsha chai. Waandishi wa programu huria hukutana hapo kila mwezi. Mtu husimama akaeleza alichokiandika, wenzake wakamwuliza maswali, chai ikanywewa, watu wakaenda zao. Programu huria ni kisima cha wote: chota bure, chota utakavyo, mradi usifute jina la aliyekichimba. Sharti ni hilo tu.

Nanzala ndiye aliyeandika programu ya kusoma mizani ya maziwa. Aliiandika katika chumba chake cha kupanga mtaani Huruma, hapo hapo Eldoret, jirani akigonga mabati kutwa nzima, na sasa inatumiwa na vyama vya wafugaji kuanzia Burnt Forest hadi Kaptagat. Hakupenda kujitangaza. Aliamini kwamba chema chajiuza. Na kweli kilijiuza, ila mfukoni mwa Marvin, ambaye walisoma naye chuo. Marvin aliichukua programu, akaibadilisha rangi, akalifuta jina la Nanzala na kuweka la kampuni yake.

Siku hiyo mzungumzaji alikuwa Marvin. Alisimama mbele na viatu vinavyong'aa, akasalimu kwa sauti yake nzito, akawashukuru wafadhili, akaitaja kampuni. Kisha akaanza kueleza jinsi mizani inavyosomwa, na sauti iliyotoka kinywani mwake ikawa ya Nanzala.

Ilikuwa yake bila shaka, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo, ikisema "nini hii" kila ilipotafuta neno. Watu waliendelea kusikiliza. Mmoja wa safu ya nyuma alinong'ona kwamba afadhali sasa anasikika. Marvin alipofika kwenye bei, sauti yake nzito ilimrudia. Aliporudi kwenye programu yenyewe, ikaja tena ile nyembamba. Nanzala, aliyesimama karibu na mlango, alijaribu kukohoa. Hakukutoka kitu. Ilimuuma sana, na kilichomuuma zaidi ni kusikia jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akieleza vizuri.

Wakati wa maswali ukafika. Brenda akainua mkono.

"Marvin, hebu tuambie ukweli. Hii code ni nani aliandika?"

Nanzala akafungua mdomo.

"Ni mimi," ikasema sauti yake, kutoka kinywani mwa Marvin. "Niliandika mimi mwenyewe, nikiwa kwangu Huruma, nini hii, na makelele yote ya mabati."

Ukumbi ukapiga makofi. Hakuna ambaye angeweza kusema kwamba jibu lile lilikuwa la uongo. Marvin, ambaye hajawahi kulala Huruma hata usiku mmoja, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Sauti ilimrudia Nanzala walipokuwa wakikusanya vikombe.

"Brenda, si umesikia? Hiyo sauti ni yangu."

"Nimesikia, kwani mimi ni kiziwi? Kila mtu amejua ni yako," Brenda akasema. "Lakini na wewe pia, Nanzala. Si ungesema kitu?"

Baada ya hapo Marvin alialikwa kila mahali: Kisumu, Nairobi, hata Kigali. Kila alipozungumza, Nanzala alikuwa bubu. Aliwaonyesha wauza mboga fungu alitakalo kwa kidole, nao walizoea. Kanisani ilikuwa kazi zaidi, maana yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Jumapili moja Mama Kavetsa, kiongozi wa kwaya, alimwita kando.

"Binti yangu, sauti ni yako, hiyo tunajua. Lakini siku iko kwa Marvin, sisi tutaimba na nini?"

Akampa Sharon, mwimbaji mwenzake, nafasi ile. Nanzala alilia, tena bila sauti, kwa sababu asubuhi hiyo kulikuwa na kongamano Mombasa.

Alimwandikia Marvin kwamba hataki mengi, arudishe tu jina lake mahali lilipokuwa. Marvin alijibu kwamba wataliangalia.

Julai, kifurushi kikaletwa Huruma. Kilikuwa na tangawizi, asali na skafu ya sufu, pamoja na ujumbe mfupi: "Siste, wiki ijayo niko na talk kubwa. Ile juzi ulikuwa na homa, nikakwaruza mbele ya wafadhili wote. Tafadhali jikinge na baridi."

Juu ya kifurushi jina la Nanzala lilikuwa limeandikwa kamili, kwa herufi kubwa, bila kosa. Hapo ndipo mahali pekee Marvin alipowahi kuliandika. Nanzala alilitazama kwa muda, akatamani kukirudisha kifurushi na kila kilichomo. Lakini baridi ya Eldoret mwezi wa Julai haina mchezo, na koo lilikuwa lake.

Akachemsha tangawizi.