Kasha la Bosi

Kweyu alipofariki Industrial Area, baada ya kugongwa na lori lililokuwa likirudi nyuma kiwandani, alimwachia mamake, Triza, mbwa. Mbwa huyo, Bosi, alikataa kabisa kuamini. Kila jioni wafanyakazi walipokuwa wakirejea mtaani Umoja kwa miguu, alisimama langoni akinusa suruali zao moja moja, kisha akarudi kujilaza mlangoni. Triza naye alikuwa akiitazama njia ileile, ila hakumwambia mtu.

Mwaka wa pili, binti yake Khavere, muuguzi huko Kanada, akapata kibali cha kumchukua mama akaishi naye. Triza akakubali, mradi Bosi naye aende. Khavere alinung'unika kwenye simu: mbwa amezeeka, safari ni ya ndege mbili, na huko mbwa wamejaa tele. Mama akamjibu kwamba kama mbwa habebeki, basi na yeye habebeki. Binti akasema atatafuta nafasi ya mbwa.

Daktari wa mifugo alimdunga Bosi chanjo ya kichaa cha mbwa, akamsikiliza moyo, akamweleza Triza kwamba mbwa atawekwa chini ya ndege ndani ya kasha, kwa hiyo azoeshwe polepole. Ale chakula chake humo, alale humo mlango ukiwa wazi, ndipo aanze kufungiwa.

"Na usimpe dawa ya usingizi, mama, hata akilia vipi," akasema. "Akilewa dawa hawezi kujipoza joto. Pumzi itamshinda."

Triza akaitikia.

Kasha lilitengenezwa na Mbaluka, fundi wa Komarock, kwa mbao za sipresi, lenye nafasi ya mbwa kusimama na kugeuka. Siku alipolileta alimwita Triza Mama Kweyu. Majirani walikuwa wameliacha jina hilo kwa kumhurumia, wakamfanya Mama Khavere. Triza alimlipa fundi, akamwongezea kidogo.

Bosi alilichukia kasha. Mlango ukiwa wazi, alikula kwa kunyoosha shingo, miguu ya nyuma akiiacha nje. Ukifungwa, alilia mpaka watoto wa wapangaji wa ploti wakaogopa kupita uani, na mwenye nyumba akaja mwenyewe kuuliza kuna nini. Triza akaanza kuingiwa na hofu kwamba uwanja wa ndege watamkataa kwa kelele. Siku za kuondoka zilikuwa zimekaribia.

Nthoki, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyevikumbuka vidonge. Yeye ndiye aliyelala kwa Triza baada ya mazishi, na alijua vile vidonge vya usingizi alivyopewa Triza hospitalini havikuisha. Alishauri wampe Bosi nusu tu, mara moja, apate kuona kwamba kasha halina ubaya. Triza alimtajia maneno ya daktari. Lakini Bosi akaanza kulia tena, na Triza akachukua kisu, akakikata kidonge, akaificha nusu ndani ya kipande cha nyama.

Mbwa akatulia. Triza alifurahi kweli. Akamfungia, akaliacha kasha uani penye kivuli, akaenda kanisani. Ilikuwa Jumapili yake ya mwisho, na waumini walimwombea kwa zamu, ibada ikarefuka. Aliporudi, kivuli kilikuwa kimehama na jua lilikuwa likipiga kasha lote. Bosi alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na nzi walikuwa wameshamfikia. Triza akamvuta nje, akammwagia maji, akamwita. Mara ya tatu jina lililomtoka lilikuwa la Kweyu.

Nthoki alikuja mbio, akaona, akaketi chini akijipiga mapaja, akisema yeye ndiye aliyemuua.

"Wacha, dadangu," Triza akamwambia. "Mkono ulikuwa wangu. Na nilikuwa nimeambiwa."

Wawili hao walimzika Bosi katika kiwanja kilichokuwa hakijajengwa. Alipompigia Khavere simu, Triza alimsikia waziwazi akishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Binti akampa pole. Kisha akamuuliza anavaa viatu namba gani, kwani huko theluji ilikuwa imeanza. Triza akamtajia.

Alisafiri, kwa sababu nyumba yake ilikuwa imekwisha kupata mpangaji mwingine. Nthoki alimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Waliagana nje kwa kukumbatiana, Nthoki akilia, Triza macho makavu.

Ndani, kijana wa kaunta alitazama tiketi, akauliza mbwa yuko wapi.

"Alikufa."

Kijana akasema pole, akamuuliza kama angependa kukaa dirishani. Triza hakujua kwa nini swali hilo lilimwelemea kiasi kile. Akasema popote, akachukua kikoba chake, akawafuata watu waliokuwa mbele.