Mashine Isiyo na Kabila

Kahambu alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, nje ya hema lake katika kambi ya Lushebere, Apollinaire alipoweka mashine mbele yake na kuiunganisha na betri ya pikipiki. Ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni. Kila sekunde ilionyesha sifuri au moja, bila kupangiwa na mtu, kama sarafu inayojirusha yenyewe. Chuo kimoja cha Goma kilikuwa kimemtuma Apollinaire achunguze kama nia ya mtu inaweza kuisogeza.

"Mama, usiguse. Tamani tu moja."

Wakimbizi tisini waliomtangulia walikuwa wamepata moja mara hamsini katika kila mia, kuzidi kidogo au kupungua kidogo. Kahambu alipata mia. Hakuacha kuchambua. Apollinaire akamwomba atamani sifuri, zikaja sifuri mia. Akaandika kwenye daftari, kisha akamuuliza amejifunzia wapi.

"Bwana yangu Mumbere iko anapeleka chumvi na pikipiki mpaka Pinga," Kahambu alisema. "Miaka kumi, kila safari, niko natamani arudi. Niko na mazoea."

Jibu hilo lilimtosha Apollinaire. Alikula viazi alivyokaribishwa, akafunga mashine yake, akashika njia ya Pinga kwenda kujaribu wengine.

Kwenye kizuizi, upande wa Walikale, alikamatwa na wapiganaji wa Komanda Grégoire. Kabla ya vita Grégoire alikuwa akifundisha hesabu shule ya msingi, na bado alitembea na chaki katika mfuko wa shati. Wazee walikuwa wamemlalamikia kwamba anaua watu kwa kuangalia kabila. Malalamiko hayo yalimuudhi sana, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

"Mashini haiko na kabila," alimwambia Apollinaire, baada ya kuelezwa kazi yake. "Moja, muntu anarudi kwake. Sifuri, anakufa. Nani atasema ni miye?"

Jumatatu, baada ya kupandisha bendera kama alivyozoea shuleni, aliwapanga wanaume sita kwenye uwanja wa mpira na kumwamuru Apollinaire abonyeze kitufe cha kusimamisha namba, mara moja kwa kila mtu. Watatu walirudi kwao. Watatu walipigwa risasi golini, wakaachwa palepale, na wiki nzima mbwa hawakukosa chakula.

Wiki hiyohiyo Mumbere alikamatwa pamoja na wengine kumi na mmoja, wakishtakiwa kumpelekea adui habari. Ushahidi ulikuwa kwamba walitoka upande wa adui, na kila njia ilitoka upande wa adui. Habari zilipofika Lushebere, Kahambu alichukua ungo wake na kutembea siku tatu na jirani yake Emérita, ambaye kaka yake Sebarenzi alikuwa amekamatwa pia.

Walifika Jumatatu, bendera ikipanda. Sebarenzi alikuwa wa tatu katika mstari, Mumbere wa nne. Mumbere alikuwa amekatwa sikio moja. Kahambu aliketi kwenye mstari wa chokaa wa uwanja, akamwaga maharage kwenye ungo, akaanza kuchambua.

Apollinaire alibonyeza mara kumi na mbili. Zikaja moja kumi na mbili. Askari mmoja alipiga miayo. Grégoire alitoa chaki, akapiga hesabu kwenye dumu la mafuta, mbili mara mbili mpaka mwisho.

"Hii inakuja mara moja mu elfu ine na makumi kenda na sita," alisema. "Nani iko anatamani apa?"

Kahambu akainua mkono. "Ni miye, Komanda."

"Rudilia."

Zikaja moja kumi na mbili tena. Grégoire akatikisa kichwa kukubali, kwani katika hesabu alikuwa mtu wa haki.

"Bon. Mama anaweza. Lakini sasa mashini imepata ndugu. Haifai tena."

Akaamuru wahesabiwe kwa kidole: mmoja arudi, mmoja afe.

Kahambu hakuacha kutamani. Wa pili alipigwa risasi ya shingo, mashine ikaonyesha moja. Sebarenzi alisukumwa kando. Mumbere alipigwa risasi mbili, kwa sababu ya kwanza ilimvunja taya tu, na mashine ikaonyesha moja, moja, moja, hata baada ya miguu yake kutulia. Watu husema dua la kuku halimpati mwewe. La Kahambu lilifika mpaka kwenye mashine, likaishia hapo. Alilia kwa sauti, akiokota maharage yaliyomwagika.

Emérita alimbebea ungo njia nzima. Sebarenzi alitembea mbele yao, na kwa siku tatu hakuna aliyejua namna ya kumfurahia.

Apollinaire aliachiliwa na mashine yake, akaja Lushebere kutoa pole.

"Papa Apollinaire," Kahambu aliuliza, "ile kitu ya ndani, yenye kusikia muntu, haiwezi kuwekwa mu bunduki?"

Apollinaire alifikiri. "Hapana, Mama. Bunduki haiko na bahati ndani. Inangoja tu kidole."

"Na kidole?"

"Kidole hatujapima bado," alisema, akaliandika swali, maana lilikuwa swali zuri. Akamwachia mashine na betri.

Jumatatu, saa ya bendera, Kahambu alimwaga maharage kwenye ungo, akaanza. Mashine ilionyesha moja mara tisa. Kule njia ya Pinga, Komanda Grégoire alikuwa amepanga watu tisa. Alihesabu kwa kidole, wakafa wanne.