Gari Lisilovuja la Mzee Koki

Mzee Koki alistaafu akiwa mkuu wa kitengo cha uvujaji katika idara ya maji, na mtu wa cheo hicho hawezi kuwa na gari linalovuja. Ndivyo alivyoamini. Kila asubuhi alifungua boneti, akachungulia kichupa cha maji ya kupoza injini, akakikuta kimepungua, akaongeza. Kisha alipiga magoti uani na kuukagua udongo chini ya gari. Mkavu kabisa! Akainuka, akajikung'uta, akamtangazia mkewe aliyekuwa akianika nguo:

"Halivuji."

"Maji yanakwenda wapi basi?"

"Huo ni upotevu wa kawaida."

Kule kazini, upotevu wa kawaida ulishameza bwawa zima na hakuna aliyeulizwa.

Mkewe hakuwa mtu wa kunyamaza. Tangu majira ya baridi alikuwa akisema kwamba akikaa kiti cha mbele, kando ya dereva, miguu yake inalowa. Mzee Koki akasema ni mwamvuli wake. Mama akasema ndani ya gari kunanukia utamutamu, mithili ya sharubati iliyoungulia sufuriani. Akaambiwa achunguze mafuta yake ya kujipaka. Kioo kiliposhika ukungu alishauriwa apunguze kupumua. Mzee Koki alikuwa amepokea malalamiko ya wateja maisha yake yote na dawa yake aliijua: mteja anaambiwa kosa ni lake, akirudi anaambiwa asubiri, akirudi tena anakuta dirisha limefungwa.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo, lakini binti yao akajifungua. Aliishi na mumewe katika mji ulio juu ya mlima, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa mjukuu wao wa kwanza. Mzee Koki alimtaka mtoto yule mikononi mwake kwa hamu iliyomtia aibu. Alikuwa akifanya mazoezi ya kumbeba kwa kutumia mto wa kochi, akidhani haonekani.

Mkwe alijitolea kuja kuwachukua. Mzee Koki akakataa katakata. "Mimi nibebwe kama gunia? Nitafika na gari langu, mke wangu pembeni." Wakajaribu mara ya kwanza, gari likachemka kabla ya mlima, wakarudi nyumbani.

"Safari hii likichemka," mkewe alisema akipanga nguo za mtoto kikapuni, "nampigia mkwe simu anifuate. Wewe utabaki kulinda bati lako. Mjukuu utamwona akianza shule."

Mzee Koki alijua mkewe hatanii. Asubuhi ya safari, huku mama akioga, alikumbuka ujuzi uliompandisha cheo. Idarani, mabomba yalipovuja kupita kiasi, hawakujisumbua kuyafukua. Walipunguza presha. Presha ikishuka, maji yanavuja kidogo, takwimu zinapendeza, mkuu anapigiwa makofi. Kwamba watu wa mlimani hawakupata hata tone, hilo lilikuwa suala la kitengo kingine. Basi akalegeza mfuniko wa rejeta ili presha isipande, akafunga boneti, akajisifu moyoni.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri hata akapiga mluzi. Mlima ulipoanza, mshale wa joto nao ukaanza kupanda, na mluzi ukakatika. Kwenye kona ya kwanza mvuke ulifumuka hadi barabara isionekane. Bahati nzuri hapo hapo konani palikuwa na gereji, iliyojengwa na mtu aliyejua biashara. Kabla gari halijasimama sawasawa, mama alikuwa ameshatoa simu.

Fundi, mnene mwenye maneno mengi, alisubiri injini ipoe ndipo akagusa mfuniko. Ukazunguka wenyewe.

"Nani kalegeza huu?"

"Ni mkakati," alisema Mzee Koki.

"Mkakati wa kuua injini? Mzee, maji haya yakibanwa ndiyo yanahimili joto. Ukiyaachia yanachemka mapema. Sasa niambie, ndani ya gari kuna harufu ya utamutamu?"

"Hatujapokea taarifa hiyo."

"Kioo kinashika ukungu?"

"Hakuna taarifa."

"Zulia je, linalowa?"

"Hakuna."

Mama alikuwa bado kwenye kiti chake, mlango wazi, amekipakata kikapu cha nguo za mtoto maana chini hakukuwa na mahali pa kukiweka. Aligeuza uso, akautazama mlima.

Fundi akajaza maji, akafunga pampu ya mkono yenye saa ya presha juu ya rejeta, akapampu. Mshale ukapanda, halafu ukaanza kushuka polepole. Akapapasa mipira yote ya maji, akamulika pampu ya maji, akalala juu ya boksi chini ya gari. Hata tone hakuliona. Akapampu tena, mshale ukashuka tena.

"Presha inashuka na maji hayaonekani?" Mzee Koki alichangamka, hapo sasa alikuwa kwenye uwanja wake. "Huo ni wizi. Kuna mtu kajiunganishia."

Fundi alimtazama kuanzia utosini hadi viatuni. Akaendelea kupampu.

Ndipo gari la mkwe likaingia, safi, linang'aa. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Poleni sana." Mama akaitikia, akashuka na kikapu chake, akakatiza sakafu ya saruji kuelekea kwa mkwe. Nyuma yake zikabaki nyayo zilizolowa, moja baada ya nyingine, zenye rangi ya kijani hafifu.

Fundi aliziona. Alizifuata kinyumenyume, ameinama, hadi kwenye kiti cha mama. Akainua zulia, akachomoa taulo lililokunjwa vizuri, akalikamua. Maji ya kijani yakachuruzika. Mzee Koki alilitambua taulo lile. Lilikuwa lake, la bluu, alilolitafuta nyumba nzima na kumshutumu mkewe kuwa amelitupa.

"Rejeta ndogo ya hita, ya kupasha joto humu ndani, hii iliyo nyuma ya dashibodi," fundi alisema, mkono umezama humo. "Inavujia ndani, kwenye miguu ya abiria. Ndiyo maana chini pakavu. Mama, umelowa tangu lini?"

"Waulize ofisini," alijibu mama. "Taarifa ilishapelekwa."

Fundi akamgeukia Mzee Koki. Mzee Koki sasa ndiye aliyeutazama mlima.

"Mama watoto," alisema hatimaye, "subiri kidogo, linatengenezwa."

"Subiri? Neno hilo nalijua." Akafunga mlango wa gari la mkwe, kisha akateremsha kioo kidogo. "Likipona, njoo."

Wakaondoka. Ilimuuma Mzee Koki, tena ilimuuma vibaya, kwa sababu hakupata wa kumlaumu.

Fundi alichomoa mipira miwili ya hita, akaiunganisha pamoja ili maji yasiingie tena ndani, akasema kifaa kipya kitatafutwa baadaye. Akapampu. Safari hii mshale ulisimama palepale. Akafunga mfuniko mwenyewe, kwa nguvu, akimkazia mzee macho.

Mzee Koki alipanda mlima peke yake. Gari halikuchemka. Hakupiga mluzi.

Alimkuta mkewe sebuleni, kavaa soksi kavu za binti yake, mtoto mikononi. Hakuna aliyemuuliza habari za gari. Mama alimtazama, akamwonea huruma, akamwekea mtoto mikononi. Mzee Koki alimbeba barabara, vilevile alivyofanya na mto wa kochi, na machozi yakamlengalenga. Alitaka kusema neno kwa mkewe. Alikuwa amelitafuta njia nzima.

Kabla halijatoka, akahisi joto likimshuka pajani na kuingia ndani ya kiatu.

"Mama watoto," alisema, "nimelowa."

Mkewe alikuwa akikunja nguo za mtoto. Hakugeuka.

"Utakuwa ni mwamvuli wako."